Namba Isiyofika Mtoni

Mume wangu Ngure ana ugonjwa wa karatasi. Ukimnunulia dawa ya kichwa, kwanza atafungua ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi aisome mpaka jina la kiwanda, kichwa kikiendelea kumpasuka. Risiti ya redio tuliyonunua mwaka tuliooana bado anayo, ingawa redio yenyewe ilikufa zamani. Kwa hiyo tulipoamua kununua shamba, nilijua upande wa karatasi mimi sina kazi. Nikachukua upande wa udongo.

Tumeuza spea za magari Sultan Hamud miaka ishirini na mitatu, duka la kupanga, nyumba ya kupanga. Kwa kina Ngure kule Murang'a, shamba la baba yake liligawiwa ndugu saba, na fungu lake lingetosha kitanda na kiti kimoja. Akawaachia wenzake. Binti yetu Sandra alipomaliza chuo tukaanza kutafuta mahali petu wenyewe, mahali ambapo hakuna mtu wa kutugongea mlango mwisho wa mwezi. Akiba ilikuwa moja tu. Ikipotea hiyo, hatuna umri wa kuitafuta nyingine, na jambo hilo nililikumbuka kila nilipomwona Ngure akipanda ngazi ya dukani huku ameshika goti.

Shamba tulilipata Tawa. Mwenyewe anaitwa Muli, mtu wa makamo mwenye sauti ya upole, mzaliwa wa pale pale, lakini siku hizi anafuga ng'ombe Ikutha, upande wa Kitui, na alitaka kuuza ili apanue boma lake huko. Zilikuwa ekari nne zinazoteremka taratibu mpaka kijitoni. Nilichota udongo nikaufinya, nikaunusa. Nilimkuta mama mmoja akifua nguo kwenye maji, mama mnene mcheshi, nikamuuliza kama kijito kilikauka mwaka ule wa ukame mkubwa. Akasema kilipungua tu. Michungwa ya Muli ilikuwa imezaa bila mtu wa kuinyunyizia maji. Nililipenda shamba lile mpaka nikaogopa Muli asije akayasoma macho yangu akaongeza bei.

"Nyinyi watu wa mlima," Muli alimtania Ngure, "mkiona shamba mnasahau hata chakula."

"Na nyinyi mkiona ng'ombe?" Ngure akamrudishia. Wakacheka. Kisha Ngure akaacha kucheka. "Sasa nionyeshe title."

Usiku ule nakala ya hati ya shamba ililala juu ya meza yetu, kati ya sufuria ya githeri na chupa ya chai, na Ngure akanifundisha kuisoma kama mwalimu wa darasa la kwanza. Hapa ni shamba lenyewe: namba yake, ukubwa wake, na karatasi ya ramani ambamo limechorwa. Hapa ni mwenyewe. Hapa ni madeni na vizuizi. Kama kuna benki inamdai au mtu ameweka pingamizi, utaona hapa. "Lakini hii ni yake yeye," alisema, akigonga karatasi kwa kidole. "Mtu anaweza kukuonyesha chochote. Lazima uulize serikali nayo ina nini kwa kitabu."

Akaenda mji wa Wote, kwenye ofisi ya ardhi, akafanya search. Alirudi anaimba nyimbo za kanisani. Jina ni la Muli, na linalingana na kitambulisho. Ekari ni nne. Hakuna deni, hakuna pingamizi. Ombi la kuuza likapelekwa kwa bodi ya ardhi, ile kamati inayoketi na kumuuliza muuzaji, na mkewe, na watoto wake, kama wote wamekubali. Bodi ingekaa Jumanne ya wiki iliyofuata. Pesa zingetoka bodi ikishakubali, si siku moja kabla; hapo Ngure alikuwa jiwe. Nami nikaanza kupanga moyoni jiko litatazama wapi.

Sasa nitasema jambo ambalo mume wangu hapendi nilisimulie: kilichotuokoa si elimu yake ya karatasi. Ni ubahili wake.

Kati ya shamba lile na shamba la juu yake kuna mstari wa makonge. Huku ndivyo mpaka unavyowekwa, makonge hayahami na mbuzi hawayali. Lakini katikati mstari ule unapinda kidogo, kama hatua mbili hivi, unaingia upande wetu. Ngure aliuona mpindo ule akapoteza usingizi. Akamtafuta Wavinya, msichana mpima ardhi wa pale Tawa, akamlipa aje siku ya Alhamisi na ramani.

"Hatua mbili, Baba Sandra!" nilimwambia. "Utazifanyia nini?"

"Ni zangu," akasema.

Wavinya alikuja na buti za mvua na begi mgongoni. Alikunjua ramani juu ya boneti ya gari letu, akaomba namba ya hati, akaitafuta kwa kidole. Akatazama kijito. Akatazama ramani. Akatazama kijito tena.

"Hii namba yenu haifiki mtoni," akasema.

"Inafika," nikamjibu. "Si mto ule pale?"

"Mto naiona, mama. Lakini kwa ramani, shamba inafika mtoni ni hii ingine. Yenu iko juu."

Hakubishana. Alibeba kipimo chake akaanza kupanda, akavuka mstari wa makonge bila kuutazama, Ngure nyuma yake amekumbatia faili, mimi nyuma ya Ngure. Tulipita katikati ya mahindi ya mtu. Tukapita zizi, tukapita jiko lenye moshi. Karibu na barabara, Wavinya akapiga magoti, akapekua nyasi, akafunua jiwe la mpaka lenye alama.

"Kona ya kwanza ndio hii," akasema. "Ya pili iko nyuma ya ile choo. Hii yote ndio mnanunua. Ndani iko hii nyumba, hii jikoni, na hii kaburi."

Kaburi lilikuwa la saruji, limepakwa chokaa, na msalaba ulioandikwa NTHIWA. Ngure akafungua faili. Namba ilikuwa ile ile. Ekari ni zile zile nne, maana baba yao Muli aliwagawia wanawe sawasawa. Kila neno la hati ile lilikuwa kweli tupu. Ni ule mstari wa karatasi ya ramani tu ambao Ngure alinisomea kwa sauti usiku ule kisha akauruka, kwa sababu hakuwa na ramani mbele yake. Yeye alisoma hati ya shamba moja, mimi nikanusa udongo wa shamba jingine, na miezi miwili mizima tulikuwa tukiongea kitandani tukidhani tunaongea jambo moja.

"Karibuni!" sauti ikatuita. "Mbona mmesimama kwa jua, jirani zangu?"

Alikuwa yule mama wa kijitoni. Alikaa barazani na ungo wa mbaazi mapajani, anapukuchua. Ndipo nilipojua kwamba ni Kalunde, mjane wa Nthiwa, na Nthiwa ndiye aliyekuwa kaka mkubwa wa Muli. "Kujeni mkunywe chai," akasema. "Nimesikia nyinyi ndio mtakuwa huko chini. Mimi nimefurahi. Huko chini kumekaa bila watu sana."

Ngure alinishika kiwiko. "Twende," akaninong'oneza.

"Wapi?"

"Nyumbani. Huyu Muli ni mwizi. Ametuuzia mbuzi kwenye gunia. Hatujatoa hata shilingi, tumshukuru Mungu, tutafute kwingine."

Nitakuwa mwongo nikisema maneno yale hayakuniingia. Yaliniingia vizuri sana. Akiba yetu ilikuwa salama benki, miguu yetu ilikuwa mizima, gari lilikuwa hapo chini. Nilipata faraja mpaka nikataka kukaa chini. Lakini nilimtazama yule mama anavyopuliza maganda ya mbaazi, nikamkumbuka mtu wa Machakos. Muli alikuwa ametuambia kuna mtu wa Machakos anampigia simu kila siku. Huyo naye angekuja, angeonyeshwa kijito, angefanya search, angekuta kila kitu safi, angelipa. Kisha siku moja angekuja kwenye baraza hii na hati yenye jina lake, na karatasi ingekuwa upande wake. Hasira ikanipanda, na bado sijui ilikuwa ya nani.

"Wewe nenda ukae garini na faili lako," nilimwambia Ngure. "Mimi nimeitwa chai."

Nilimwambia Kalunde yote. Mwanzoni alicheka. "Hii? Hii ni yangu, Mama Sandra. Nimelea watoto hapa." Wavinya akamwonyesha ramani, akamwonyesha jiwe. Kalunde akaacha kucheka. Ungo ulikuwa bado mapajani. Akageuka kutazama upande wa kaburi.

"Na Nthiwa?" akauliza. "Yeye pia angetolewa?"

Nilimshika mkono, tukakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Ngure, ambaye hakwenda garini wala nini, alikuwa amesimama kando ya nguzo akitazama viatu vyake.

Tulimpigia Muli simu, akafika kesho yake kutoka Ikutha, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ngure alikuwa amejiandaa kumchoma. Alikuwa hata ameandika maswali, kumi na moja, kwenye karatasi. Hakufika la pili. Kalunde aliingia chumbani akatoa bahasha iliyokuwa chini ya nguo za marehemu, haijafunguliwa tangu iletwe, akamkabidhi Muli. Ilikuwa hati yenye jina la Nthiwa. Muli akasoma namba, akaiweka kando ya hati yake mwenyewe, akasoma zote mbili, akaketi kwa uzito.

"Si wizi," akasema. "Ni mbu."

Tukamtazama.

"Mzee wetu alitugawia. Nthiwa chini, mimi huku juu. Serikali ikakuja ikaandika hivyo. Halafu shemeji akapata mapacha. Wakati huo huko chini ilikuwa mbu, si mchezo. Kila mvua ikinyesha hao watoto ni malaria, ni hospitali. Mimi sikuwa nimeoa. Nikaambia Nthiwa, panda juu wewe, mimi nitashuka. Mimi sina mtoto wa kuumwa."

"Ni kweli," Kalunde akasema taratibu. "Watoto wakapona."

"Tukachinja mbuzi, wazee wakakula, tukapanda makonge. Ikaisha. Title zikakuja miaka mingi baadaye, kwa baraza ya chifu, unaitwa jina unachukua yako. Nikachukua yenye iko na jina yangu, yeye akachukua yake. Nani anauliza ndugu yake namba?"

Ngure, ambaye angemwandikia hata mama yake mzazi risiti, akagonga zile hati mbili kwa kidole. "Ya nini kuandikia mate na wino ungalipo?" akasema, lakini kwa upole.

"Hiyo siku wino haikuwa," Muli akamjibu. "Ilikuwa mbuzi tu."

Tulicheka, Mungu atusamehe, tulicheka mpaka Kalunde akashika ubavu. Nilikuwa nimelala macho usiku kucha nikimchukia mtu huyu, na sasa ule mzigo ulinitoka wote kwa kicheko. Muli peke yake hakumaliza chai yake. Alikuwa akimtazama shemeji yake. "Ningekuuzia nyumba," alimwambia. "Na mkono yangu mwenyewe. Jumanne ningeapa mbele ya bodi." Kalunde akamwongezea sukari, ingawa kikombe kilikuwa kimejaa.

Wavinya ndiye aliyetueleza njia. Shamba la kijitoni kwa serikali lilikuwa bado la Nthiwa, na marehemu hauzi wala habadilishani. Kwanza Kalunde na wanawe waende mahakamani wapewe urithi. Shamba likishaandikwa jina la Kalunde, yeye na Muli wapeleke kwa bodi yale mabadilishano yao ya zamani, yaandikwe. Hapo ndipo Muli atakuwa na kijito cha kuuza, na sisi tutakuwa na cha kununua. "Itachukua mwaka," akasema. "Pengine zaidi."

Ngure alinitazama. Nilifikiri atasema kuna mashamba mengine duniani. "Tutangoja," akasema, akaifuta ile karatasi ya maswali kumi na moja kwa kalamu, swali baada ya swali.

Ilichukua mwaka mmoja na miezi mitano. Sultan Hamud walitucheka. Jirani yetu wa dukani alikuwa akiuliza kila Jumatatu kama samaki wa kijito chetu hawajambo. Mtu wa Machakos alipandisha bei mara mbili, Muli akaacha kupokea simu yake. Lakini jambo lililonitia hofu kweli lilitoka kwingine. Urithi ulipotoka na hati ya kijitoni ikaandikwa jina la Kalunde, mwanamume mmoja wa ukoo wao alimjia na ushauri. Mama, alimwambia, sheria inaangalia karatasi. Shamba la maji sasa ni lako. Hapa juu nako umekaa zaidi ya miaka ishirini, hakuna wa kukutoa, simama mahakamani. Utabaki na yote mawili, na Muli ana ng'ombe wake, hatakufa njaa.

Kalunde mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tukiwa tunachambua mboga jikoni kwake. Mkono wangu ulisimama. Maana ilikuwa kweli: angetaka, Muli angehangaika mahakamani mpaka uzeeni, na sisi tungerudi kuanza upya. Sikuthubutu kumuuliza alijibu nini. Alinitazama akaniona uso.

"Nilimwambia akunywe chai aende," akasema.

Bado sikutulia. Mtu husema jambo jikoni, akafika mbele ya watu akasema jingine, na mapacha wake walikuwa watu wazima wenye akili zao. Siku ya bodi nilienda na Ngure tukaketi benchi la nyuma, ingawa ombi letu lilikuwa la mwezi uliofuata na hatukuwa na shughuli hapo. Nasema mapema ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi: letu lilipita, tulilipa, tumeandikwa, na ninaposimulia haya nyumba imefika kwenye linta, juu ya madirisha. Jiko linatazama kijito. Lakini siku ninayoikumbuka ni ile tuliyokuwa watazamaji.

Chumba kilijaa. Muli alivaa koti. Kalunde alivaa kitambaa cha kanisani na sweta jipya, na mapacha wake, mmoja fundi umeme na mmoja mwalimu, walisimama nyuma yake kushoto na kulia. Mwenyekiti alisoma ombi, akavua miwani.

"Mama, hii unapeana iko na maji," akasema. "Hii unapewa haina maji. Unajua hiyo?"

"Najua."

"Vijana, mmekubali?"

Wakasema wamekubali. Mwalimu akaongeza kwamba wao ndio waliokuwa wakiumwa. Mwenyekiti hakuelewa, akaendelea.

"Hakuna mtu amekulazimisha, mama?"

"Hakuna."

"Unaelewa hii kitu unafanya?"

Kalunde akakohoa kidogo. "Naelewa," akasema. "Napeana shamba sikuwa najua ni yangu, napewa shamba nilikuwa najua ni yangu."

Chumba kizima kikacheka, hata karani, hata mwenyekiti. Kalunde hakucheka. Alingoja wamalize. "Sasa andika," akasema.

Mwenyekiti akaandika. Akagonga muhuri. Kisha, kama wafanyavyo, akasoma kwa sauti yaliyoandikwa: namba, ekari nne, karatasi ya ramani namba tisa, nyumba na vyote vilivyomo, mwenyewe Kalunde Nthiwa. Machozi yalinitoka palepale benchini na sikuyaficha. Ngure alikuwa anatafuta leso kwenye mifuko yote ya suruali, nikajua si ya kunipa mimi.

"Soma tena hapo kwa jina," Kalunde akasema.

Mwenyekiti akasoma tena. Kalunde akatikisa kichwa kukubali, akamshika Muli mkono, akaomba lisomwe mara ya tatu, na mwenyekiti, aliyekuwa na foleni ya watu mpaka nje ya mlango, akalisoma.